Rosa Wawili

Kompyuta yangu ilianza kunidanganya mwezi wa nane, wiki ile ile uvuvi wa omena ulipofunguliwa baada ya miezi ya kufungwa. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Mimi ni mtu wa kukasirika kwanza na kufikiri baadaye, na aliyenitangaza hivyo mbele za watu ni mama yangu mwenyewe, kwa hiyo siwezi kukana.

Nafungasha omena, dagaa wa ziwani, hapa soko la Kibuye, Kisumu. Inakuja kwa magunia kutoka ufuoni, tunaipepeta, tunaitoa mchanga, tunaitia kwenye pakiti, na kila pakiti inabandikwa lebo. Lebo zenyewe zinakaa ndani ya kompyuta ya chumba cha nyuma, ambayo haina hata kioo. Ni sanduku jeusi juu ya rafu. Mimi hukaa mbele, na kompyuta ya mezani. Nikitaka lebo naandika jina la ile ya nyuma, inafunguka, nachapisha. Jina lake ni Rosa.

Rosa alikuwa mama yetu. Ndiye aliyeanzisha kazi hii, akiwa na karai moja na mtumbwi mmoja pale ufuoni Usenge. Alifariki miaka sita iliyopita. Mwaka wa nne baada ya mazishi nilimwota amesimama mlangoni pa stoo, karai mkononi, akiniuliza, "Mmeniweka wapi?" Kwetu, aliyetangulia akikujia hivyo anataka jina, anataka mtoto aitwe yeye. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na sita, na wanangu wawili wote ni wanaume, wote wana ndevu. Wiki hiyo ndiyo kompyuta ya nyuma iliyoletwa, na aliyeileta akauliza tuiite nani. Nikamwambia aiite Rosa. Dolphine, ambaye tunafungasha naye, alicheka mpaka akakaa kwenye gunia. Mimi sikucheka. Mama hakunijia tena tangu siku hiyo, na sitaficha: kila usiku nikipanda kitandani huwa namngojea.

Basi, mwezi wa nane. Asubuhi naandika rosa, lebo zinafunguka. Ikifika saa nne, naandika rosa, naulizwa neno la siri. Kompyuta yangu haina neno la siri. Lebo za omena nimfiche nani? Naandika tena, inafunguka. Mara ya tatu naulizwa neno la siri tena, kama mgeni mlangoni pa nyumba yangu mwenyewe. Siku hiyo nilipiga meza mpaka chai ikamwagika, na kompyuta haikujali.

Nikamwita Wechuli. Ni Mbukusu, ana kibanda cha kutengeneza kompyuta upande wa pili wa soko, mtu mpole ambaye humsikiliza mteja huku anatazama mashine tu.

"Mama, hii shida iko kwa jina," alisema baada ya kubonyezabonyeza.

"Jina lina shida gani? Ni jina la mama yangu."

"Sijasema jina ni mbaya. Unajua kompyuta haijui majina, inajua namba peke yake. Ukiandika rosa, inauliza: huyu Rosa yuko namba gani? Ikiambiwa, inaenda kwa hiyo namba. Sasa kuna mahali inapewa namba ya uongo."

"Na nani?"

"Inaweza kuwa hii yako inakumbuka namba ya zamani. Wacha nifute hiyo kumbukumbu, tuone."

Alifuta. Akatafuta lile faili ambamo mtu anaweza kuandika jina na namba kwa mkono wake, akalikuta tupu. Akabadilisha waya. Tukajaribu mara kumi, na mara zote kumi Rosa alifunguka. Siku tisa nzima alifunguka vizuri. Nilimpelekea Wechuli kilo mbili za omena safi na nikamsifu mbele ya majirani zake. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, nikaulizwa neno la siri.

Nilivuka soko na maneno mdomoni. Sitayarudia hapa. Wechuli aliyasikiliza yote, halafu akasema, "Mama, ugonjwa wa kuja na kurudi hauwezi kutibiwa kwa hasira. Uko na kalenda?"

Ninayo, nilipewa na duka la dawa za mifugo, ina picha ya ng'ombe mnene kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kuona. Akaniambia kila jioni nitie alama: duara kama siku ilikuwa nzuri, mkasi, yaani alama ya X, kama Rosa alikataa. Nisikose hata siku moja, na nisiguse kitu.

"Huyo si virusi," Dolphine alisema nilipokuwa natundika kalamu kwa uzi pembeni ya ng'ombe. "Huyo ni Mama mwenyewe. Umepatia kompyuta jina ya mtu, ulitarajia nini?"

"Fungasha omena, Dolphine."

"Nafungasha. Lakini nimesema."

Nilitia alama mwezi wa tisa wote na mwezi wa kumi karibu wote. Wechuli akaja Ijumaa moja saa sita, akasimama mbele ya kalenda akashika kidevu.

"Ona sasa," alisema. "Mikasi inafuatana kama siku ishirini. Halafu duara, tisa ama kumi. Halafu mikasi tena. Mimi nimetengeneza mashini miaka kumi na mbili na sijaona kitu inaugua hivi. Hata wikendi haijali."

Nilikuja kusimama karibu naye. Ningeweza kuitazama kalenda ile mwaka mzima bila kuona kitu, kama ningeitazama kama mtu wa kompyuta. Lakini nilikuwa nimebeba pakiti mkononi, na macho yangu yalikwenda kwenye zile duara, nikakumbuka kwamba siku hizo ndizo tulizokaa bila kazi, mimi na Dolphine, tukishona magunia yaliyotoboka.

"Dolphine," niliita. "Mwezi wa tisa mbalamwezi ilikuwa lini?"

"Si ile wiki tulikosa magunia?"

Omena huvuliwa gizani. Wavuvi hutoka na taa, omena huja kwenye mwanga, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linakuwa na mwanga, omena hawana haja ya taa ya mtu, na maboti hukaa nchi kavu siku tisa, siku kumi. Ufuo unalala. Ofisi zinafungwa, watu wanakwenda kwao kulima na kuzika na kuoa. Hayo nilinyonya pamoja na maziwa. Duara zangu zilikuwa mbalamwezi, na mikasi ilikuwa giza. Hata zile kilo mbili nilizompa Wechuli zilistahili kwenda kwa mwezi.

"Wechuli," nilisema, "kitu kinachonichanganyia kompyuta kinafuata maboti ya omena."

Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Uko na kompyuta ingine kwa beach?"

Nikasema hapana. Halafu nikaketi.

Zamani, Mama alipokuwa na nguvu, alitaka akiwa hapa Kibuye aone kilichofika Usenge bila kumpigia mtu simu. Fundi mmoja aliyeitwa Zadock akatuwekea rauta mbili, moja hapa na moja kule, akazifunga pamoja kwa njia yao zenyewe ndani ya intaneti, ziwe kama ofisi moja. Zadock alikwenda Qatar, na hatukumsikia tena. Rauta yangu bado iko juu ya mlango, ina vumbi, na sijaigusa kwa sababu haijawahi kunikosea. Ya Usenge nilidhani ilikufa siku nyingi. Usenge yuko ndugu yangu, Opondo.

Lazima nieleze. Tulizaliwa wawili tu. Miezi mitano baada ya mazishi Opondo aliuza mtumbwi wa Mama, ule wenye jina lake ubavuni, bila kuniambia. Nilikwenda Usenge nikamkuta kati ya wavuvi na wanunuzi, nikamwambia, kwa sauti ya kufika kisiwani, kwamba amemzika Mama mara ya pili, na safari hii bila jeneza. Ningependa kusema nilijuta njiani nikirudi. Sikujuta. Nilijuta Krismasi ya mwaka wa pili, nilipopika ugali sufuria kubwa na hakuna aliyegombania ukoko nami. Lakini wakati huo kimya kilikuwa kimeshazoea kukaa kati yetu. Kumpigia simu ni kuanza na salamu, na salamu ndiyo iliyonishinda.

Wechuli alipanda kiti, akafuta vumbi la rauta kwa mkono wa shati, akaunganisha kompyuta yake ndogo. Ndani ya rauta kuna orodha, alinionyesha: jina upande huu, namba upande ule. Kila kompyuta ikiwashwa inajiandikisha pale. Akapitisha kidole kwenye kioo. Rosa alikuwa ameandikwa mara mbili.

"Huyu wa kwanza ni yako, hiyo nyuma," alisema. "Huyu wa pili iko upande wa Usenge, inawashwa wakifungua ofisi, na ndiye anauliza neno la siri. Hizi rauta zinashirikiana orodha moja. Sasa ukiuliza Rosa ni nani, inakupatia huyu, halafu huyu, kwa zamu. Haijakosea, Mama. Umeuliza Rosa, na Rosa ni wawili. Hata ile kufuta yangu ilikuwa bure."

Nilimwuliza kama inawezekana kompyuta ijipe jina. Akasema haiwezekani. Lazima mtu aketi, aulizwe jina, aandike.

Basi ndugu yangu aliketi. Opondo ana wavulana watatu, wote walizaliwa Mama akiwa hai. Naye hakuwa na mtoto wa kumpa jina. Aliketi ufuoni, mbele ya kompyuta mpya, akafanya upuuzi ule ule niliofanya mimi. Miaka sita nilikuwa nikisema ndugu yangu amelifuta jina la mama yetu kama mtu anavyofuta chaki, na kumbe nililokuwa nikipambana nalo tangu mwezi wa nane ni lile jina, kutoka kwake.

Nitasema kila kitu, hata kibaya. Jambo la kwanza nililosikia moyoni lilikuwa wivu. Kama amempa jina, basi Mama amemjia. Amekwenda kwake, mwaka huu, na kwangu hajarudi. Baada ya wivu ndipo nikamtamani ndugu yangu, ghafla. Nilitamani kusikia namna anavyokohoa kabla ya kusema jambo.

"Kurekebisha ni rahisi," Wechuli alisema. "Nakata hii njia ya Usenge. Dakika moja. Rosa anabaki mmoja na huoni mkasi tena."

"Usikate."

"Mama, bila kukata hii shida—"

"Nimesema usikate."

Alitoa mkono kwenye kompyuta. Dolphine alikuwa ameacha kufungasha na hakuna aliyemwambia arudi kazini.

Niliuliza ni nini kingine kiko kwenye orodha upande wa Usenge. Akasoma: Rosa, na printa. Nilijua ni printa gani. Ni ile kuukuu ya Mama, inayopiga kelele kuliko injini ya boti. Nikauliza kama naweza kuchapisha karatasi hapa, itokee kule.

Wechuli alicheka kidogo. "Kama iko na stima, na wako na karatasi, inaweza. Kwa rauta ni nyumba moja hii."

Zilikuwa zimebaki siku mbili tatu mbalamwezi ifike. Maboti yalikuwa yanatoka kwa mara za mwisho. Niliandika kwa Kijaluo, vidole vinakosea. Barua ya kwanza ilikuwa ya mtumbwi kuanzia juu mpaka chini. Nikafuta. Ya pili ilianza vizuri na kufika mstari wa nne ikarudi kwenye mtumbwi. Nikafuta. Ile niliyotuma ilisema hivi: "Opondo, ni mimi Rachael. Tumeita kompyuta mbili jina la Mama na zinagongana. Kijijini wakiwepo Rosa wawili hakuna anayenyang'anywa. Yangu nimeibadilisha, itaitwa Rosa wa Kisumu. Wewe baki na jina lenyewe. Mimi ni mzima."

Sikuandika nisamehe. Nilitaka, ila sikuweza.

Wechuli akabadilisha jina la mashine yangu ya nyuma, ikawa rosa-kisumu, nami nikabonyeza kuchapisha. Tulingoja. Kwenye kioo, kando ya barua yangu, pakatokea neno moja: inangoja.

"Printa imeitika," Wechuli alisema. "Nafikiri haina karatasi. Usifunge hiyo kompyuta. Wakiweka karatasi, itatoka yenyewe."

Jioni barua ilikuwa bado inangoja. Kesho yake pia. Siku ya tatu printa ya Usenge ikapotea kwenye orodha, na Rosa wake pia, na Dolphine akaleta sindano na magunia yaliyotoboka. Mwezi ulikuwa umejaa. Opondo alikuwa amefunga ofisi akaenda nyumbani bila kujua kitu.

Siku tisa hizo sizisahau. Lebo zilifunguka kila nilipozitaka, na sikufurahi hata mara moja. Nilikuwa nikifika stoo naangalia kona ya kioo kabla ya kuweka mkoba chini. Inangoja. Dolphine aliacha kunitania, jambo lililonitisha kidogo. Siku ya sita nilikaribia kuifuta barua ile. Niliona aibu, mwanamke mzima anayeongea na printa. Kidole kilikuwa tayari. Nikaondoka nikaenda kununua ndizi nisizozihitaji, na niliporudi kidole kilikuwa kimetulia.

Magunia ya kwanza yalifika Jumatatu saa tano, omena ikiwa bado na harufu ya jua. Nilitia sahihi bila kuhesabu na nikaingia ndani. Kwenye kona ya kioo hapakuwa na kitu. Barua ilikuwa imekwenda.

Nilikaa saa nzima na simu mezani, uso juu. Haikulia. Basi nikaandika rosa, lile jina tupu, ambalo sasa lilikuwa lake peke yake. Nilitaka tu niulizwe neno la siri, nijue yupo. Kompyuta ikafikiri kwa muda, halafu ikajibu kwamba hakuna anayeitwa hivyo.

Nikaandika tena. Hakuna anayeitwa hivyo.

"Amekata njia," nilimwambia Dolphine. "Amesoma, halafu amekata." Na hapo nililia, mbele ya watu wa magunia, na sikujificha. Nililia kwa ajili ya Opondo, na kwa sababu nilikuwa nimemwita mama yangu kwa jina nikaambiwa hayupo. Nililijua hilo kwa miaka sita, lakini hakuna aliyekuwa amenijibu waziwazi namna ile.

Dolphine ndiye aliyekimbia kumwita Wechuli. Alikuja na kompyuta yake kwapani, akapanda kiti, akaunganisha. Kisha akashuka na kuniwekea kioo mapajani.

"Hajakata, Mama. Soma."

Kwenye orodha kulikuwa na majina mawili. Rosa-kisumu. Chini yake, rosa-usenge.

"Ulimwachia jina na yeye amekataa kubaki nayo peke yake," Wechuli alisema. "Wote mmetoka kwa hiyo jina. Ndio maana ukiliita halina mtu."

Nilikuwa bado natazama yale majina mawili printa yangu ilipokohoa. Hakuna aliyeigusa. Ikavuta karatasi, ikaitoa polepole kama kawaida yake, na Dolphine akanisukuma niende nikaichukue mwenyewe. Iliandikwa kwa Kijaluo, bila nukta wala mkato, Opondo hajawahi kuandika vingine tangu darasa la nne. Naiweka hapa kwa Kiswahili, nukta ni zangu.

"Nyaminwa. Leo nimetia karatasi na kitu cha kwanza kutoka ni wewe. Mtumbwi ulikuwa umeoza chini sikutaka uzame na jina lake nikashindwa kukwambia kwa sababu ulifika ukipiga kelele. Mwezi wa saba Mama alinijia akauliza mmeniweka wapi. Sikuwa na jibu. Mwezi ukijaa tutafunga nami nitakuwa nyumbani. Njoo tumjibu."

Niliisoma mara tatu. Nyaminwa ni dada yangu, mtoto wa mama yetu, na tangu Mama afariki hakuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kuniita hivyo isipokuwa mmoja.

Nikaenda kwenye kalenda, nikashika kalamu ya uzi, nikatia duara mbele kabisa, siku ambayo maboti yangesimama tena. Halafu nikahesabu kurudi nyuma mpaka leo. Zilikuwa siku ishirini. Nimengoja miaka sita bila kulalamika, lakini hizo ishirini nilizitazama nikaona haziishi.